Waziri Aliyeruka Ukili

Katika nchi moja ambayo ramani zote zinaionyesha, ila wenyewe hawapendi kuinyooshea kidole, palikuwa na Wizara ya Ususi. Si kwamba nchi ile ilikuwa na wasusi wengi kupita nchi nyingine. Ilikuwa na mashemeji wengi. Wizara ya Vivuli ilikuwa imejaa mashemeji mpaka ngazini, na Wizara ya Mambo ya Asubuhi ilikuwa imeanza kuwaleta wengine jioni ili viti vitoshe. Ikabidi itafutwe wizara mpya, na mkubwa mmoja aliyekuwa kikaoni akijipepea kwa pepeo la ukindu akapata wazo.

Wizara hiyo ilijengewa ghorofa tisa. Ilipewa wataalamu ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika jani la ukindu, jambo ambalo taarifa ya mwaka ililitaja kuwa ushahidi kwamba wizara haina upendeleo.

Mbali kabisa na ghorofa hizo, katika mji mdogo wa Mtapakazo, walikuwepo watu waliokuwa wakisuka. Walijiita Chama cha Wasusi, na walikuwa na nyumba moja ya mawe yenye kuta nene na paa la makuti. Siku moja ya juma walichambua majani na kuyachana, siku nyingine walitia rangi kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba, Jumatano walifundisha wageni wa kazi, na siku zilizobaki walisuka na kushona. Nyumba ile ilikuwa na baridi ndani hata jua likiwa kali, na hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya kazi yao: ukindu ukipigwa na jua mkononi mwa msusi unakauka, unakatika, unakuwa takataka. Bila nyumba hapakuwa na mkeka. Bila mkeka, wanawake wa Mtapakazo wangerudi kuvunja kokoto barabarani kama walivyofanya mama zao.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Bi Mashavu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye watoto wakubwa na muda mdogo. Alisema jambo mara moja. Aliyetaka kulisikia mara ya pili alikwenda kumwuliza mtu mwingine.

*

Asubuhi moja alifika Mkuu wa Wilaya, Bwana Tenende, akiwa na msafara wa magari mawili, la kwanza la kumbeba yeye na la pili la kubeba kiti chake. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye ua akaita.

"Wewe mama. Habari njema. Waziri anakuja kuwafungulia Warsha ya Kitaifa ya Kuwawezesha Wasusi Kusuka."

"Tunasuka tayari," alisema Bi Mashavu.

"Mnasuka bila kuwezeshwa. Ni hatari. Na warsha ikiisha, Waziri atazindua Mamlaka ya Taifa ya Kulinda Nyumba za Wasusi."

"Zipo ngapi?"

"Nini?"

"Hizo nyumba."

Tenende alitazama kushoto, akatazama kulia. "Hii."

"Na mtailinda vipi?"

"Kwa kuhamia ndani. Hapa patakuwa makao makuu."

"Na sisi?"

"Ninyi mtalindwa mkiwa nje," alisema Tenende, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akaongeza, "Jua lina faida zake kwa mifupa ya akina mama wazee."

Mlangoni alikuwa amekaa Siwatu, rafiki wa Bi Mashavu tangu utotoni. Siku zote alikaa pale kizingitini, kwa sababu alitaka mwanga wa kusukia na habari za wapita njia, na mdomo wake haukuwa na mlango wala komeo.

"Mkuu," alisema, "mkeo hajambo? Nimesikia naye analindwa siku hizi. Maana mara nyingi uko kwa jirani."

Tenende aliingia kwenye gari la kiti kwa makosa, akatoka, akaingia kwenye gari lake.

Bi Mashavu alibaki amesimama uani. Alifikiria kuta zile nene. Alifikiria wanawake ishirini na kitu waliokuwa wakilisha nyumba zao kwa kivuli kile. Kisha akaingia ndani akaendelea na kazi, kwa kuwa ukindu uliokwisha kulowekwa haumsubiri mtu amalize kuhuzunika.

*

Siku ya warsha uwanja wa mbele ya nyumba ulijaa mahema. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Wataalamu kutoka ghorofa tisa walitoa mada. Mmoja alizungumza juu ya "Jani: Lilikotoka na Linakokwenda". Mwingine alitoa mada iliyoitwa "Vidole vya Mikono: Fursa na Vikwazo", na mwishoni akapendekeza kiundwe kikosi kazi cha kuchunguza kama kidole gumba kinahitajika. Wasusi wenyewe waliambiwa wabaki ndani ya nyumba na wasuke kwa sauti ya chini, wasiwasumbue washiriki.

Kisha akainuka Waziri. Aliitwa Mheshimiwa Daktari Sufiani Kongoti, na udaktari wake alipewa na chuo ambacho yeye ndiye aliyekata utepe wake. Alikuwa na tumbo la kuheshimika na sauti iliyotangulia mwili wake kila alipokwenda.

"Ndugu wasusi," alisema Waziri, akiwahutubia wataalamu, "ususi ni nini? Ususi ni kusuka. Na kusuka ni nini? Hapo ndipo wenzetu wengi wanapokwama. Serikali haikukwama. Serikali imeunda kamati. Kabla ya serikali hii, wananchi walikuwa wakisuka ovyo, kila mtu kwa vidole vyake. Leo ninasema kwa fahari kwamba ususi umeanza rasmi."

Wataalamu walipiga makofi. Waziri alishuka jukwaani, akaelekea kwenye nyumba, ambako ndani ulikuwa umefungwa utepe wa kuzindulia Mamlaka. Mbele yake walikwenda wapiga picha kinyumenyume.

Siwatu alikuwa mahali pake, kizingitini, anasuka. Ukili wake ulikuwa umelala mlangoni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukili ni ule mkanda mrefu wa majani yaliyosukwa, ambao baadaye huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka, na katika nyumba ya wasusi huwa umetambaa kila mahali kama nyoka asiye na haraka. Mtu wa kawaida akiukuta njiani husema hodi, na msusi huuvuta kando.

"Mheshimiwa, nyanyua mguu," alisema mpiga picha. "Juu zaidi. Iwe hatua ya maendeleo."

Waziri alinyanyua mguu, akaruka ukili, akatua ndani ya nyumba kwa kishindo.

Mikono yote ilisimama. Waziri alidhani ni heshima, akawapungia.

"Umeruka ukili," alisema Siwatu.

"Asante," alisema Waziri.

"Si sifa, baba. Umeruka ukili unaosukwa. Hapa kwetu anayeruka ukili hukaa chini, pale pale, akasuka pima moja. Urefu wa mikono yake miwili akiinyoosha. Ndiyo malipo."

"Na asipolipa?"

"Ah, hakuna anayemlazimisha. Ila wazee walisema hatakaa kwenye kiti chochote kikamshika. Atateleza tu."

Hapa inafaa kueleza kwamba Rais wa nchi ile alikuwa akibadilisha mawaziri kama watu wengine wanavyobadilisha soksi, isipokuwa mawaziri hawakufuliwa kwanza. Na wiki ile ilikuwa imevuma kwamba Ijumaa baraza lingebadilishwa tena. Mheshimiwa Daktari Kongoti alikuwa msomi, na alisema kwa sauti kubwa kwamba imani za namna hiyo ni za kizamani. Aliyasema hayo akiwa ameshika ukuta.

Bi Mashavu aliinua macho kutoka kwenye kazi yake. Aliona jasho likishuka kutoka kwenye kofia, likapita kwenye nyusi, likadondoka kwenye tai.

"Nikae pale?" aliuliza Waziri kwa sauti ndogo, akionyesha sakafu.

"Hapo hapo," alisema Bi Mashavu. "Nitakuonyesha. Ukiwa na akili, jua halijazama utakuwa umemaliza."

*

Lakini Waziri asingeweza kukaa sakafuni. Itifaki ya nchi ile ilisema wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa juu kuliko Waziri mahali alipo, na ndani ya nyumba mlikuwa na wanawake waliokalia vigoda. Kikaitishwa kikao cha dharura ndani ya hema kubwa. Bi Mashavu aliitwa asimame pembeni kama mtaalamu mwalikwa, asizungumze.

Aliyeongoza kikao alikuwa Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Lugazo, mtu mwembamba aliyekuwa amewahudumia mawaziri wengi na kuwazika kisiasa wote kwa adabu. Alisema jambo lilikuwa jepesi. Waziri hasuki. Waziri hukasimu.

"Basi nakukasimu wewe," alisema Waziri.

Lugazo alishukuru kwa heshima aliyopewa, akasema goti lake lina matatizo ya kihistoria, akamkasimu Mkurugenzi wa Ususi. Mkurugenzi akasema yeye ni wa sera, si wa majani, akamkasimu Mkuu wa Wilaya. Tenende akasema mikono yake ni mali ya serikali na haiwezi kutumika bila kibali, kisha akatazama nyuma yake ili naye akasimu. Nyuma yake hapakuwa na mtu ila Bi Mashavu.

"Huyu mama anaweza," alisema.

"Mimi?" alisema Bi Mashavu. "Mimi sikuruka kitu."

"Na hapo ndipo penye ugumu," alisema Lugazo, akipangusa miwani. "Deni ni la Waziri. Akilipa mwananchi wa kawaida, deni linabaki. Kwa hiyo anayesuka lazima awe Waziri. Mheshimiwa, tumteue kuwa Kaimu Waziri mpaka pima moja itimie. Ni saa chache. Hakuna atakayejua."

Na ili pasiwe na atakayejua, waliita Redio ya Taifa itangaze.

Bi Mashavu aliapishwa hapo hapo, mkono wake juu ya tita la ukindu. Waziri alipanda gari la mtaalamu mmoja akaondoka kwenda mji mkuu, akipiga mluzi, maana gari lake mwenyewe lenye bendera lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuelekea mlango wa nyumba ya wasusi. Dereva alikuwa amesikiliza redio.

*

Waziri mpya alirudi ndani, akakaa sakafuni mahali pake, akaanza kusuka. Ndipo itifaki ilipoanza kufanya kazi. Hakuna anayeruhusiwa kuwa juu kuliko Waziri. Siwatu na wenzake waliinuka kwenye vigoda, wakakaa sakafuni, wakaona inatosha. Wakubwa hawakuona inatosha. Mtu akikaa sakafuni sawa na Waziri, huko ni kujilinganisha. Basi Katibu Mkuu Lugazo alivua koti, akalikunja, akalala kifudifudi. Mkurugenzi akalala. Tenende, kwa kuwa alikuwa na cheo kidogo kuliko wote, alilaza hata shavu.

"Mheshimiwa Mama," alisema Tenende kwenye saruji, "umeamkaje?"

"Siku ile uani uliniita wewe mama."

"Ulimi uliteleza, Mheshimiwa. Nilitaka kuanza na Mheshimiwa, ikatoka baadaye."

"Bado haijatoka vizuri. Umelalia majani yangu, sogea."

Alisogea kwa tumbo.

Bi Mashavu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akiwa anasuka alimwambia Lugazo, "Kama mimi ni Waziri, nyumba hii haichukuliwi. Andika."

Lugazo alikohoa vumbi. "Mheshimiwa, Kaimu Waziri anaweza kukubali, kuafiki, kuridhia, kuunga mkono na kupongeza. Kukataa kunahitaji Waziri kamili."

"Kwa hiyo naweza kufanya kila kitu ila kitu."

"Umeielewa kazi haraka sana, Mheshimiwa."

Habari zikaenea mjini. Kufika adhuhuri walianza kuja watu wa Bi Mashavu mwenyewe. Binamu aliyekuwa hajampa salamu tangu msiba wa mwaka juzi alikuja kumwambia kwamba damu ni damu, na kwamba yeye amewahi kuota anaongoza bandari. Mwanachama mmoja, mshonaji hodari kuliko wote, alitaka mwanawe awe Mkurugenzi wa kitu chochote chenye gari. Mwingine alilala kifudifudi mwenyewe bila kuambiwa, ili azoee. Hata Siwatu alijikokota akamsogelea sikioni.

"Shoga yangu," alisema, "mimi sitaki makubwa. Ubalozi tu. Nchi yoyote yenye baridi, nimechoka na jasho."

"Utasema nini huko?"

"Mabalozi husema nini?"

"Hawasemi."

"Basi hiyo hapana," alisema Siwatu, akarudi mlangoni.

Bi Mashavu aliwatazama wote, waliolala na waliotaka kulala, na moyo wake ukachafuka. Alikuwa amewadharau wakubwa maisha yake yote, na hilo lilimpa raha. Sasa aliona kwamba ile dharau haikutosha. Ilibidi aipanue, iwafikie na watu wa nyumbani.

Ukili ulikuwa umefika karibu na mwisho. Ilibaki shibiri moja tu itimie pima. Hapo akaacha. Alizungusha ule mkanda, akauweka mapajani, akaomba chai.

"Mheshimiwa hamalizii?" aliuliza Lugazo kwa wasiwasi.

"Naafiki kuendelea kesho," alisema Bi Mashavu. "Kuafiki naruhusiwa."

Siku ya pili aliafiki kuendelea ya tatu. Wizara nzima ilisimama, kwa kuwa Waziri mikono yake ilikuwa na kikombe cha chai. Redio ilitangaza kwamba malalamiko ya wananchi dhidi ya Wizara ya Ususi yameshuka mno kuliko wakati wowote tangu ianzishwe.

*

Siku iliyofuata mtu alipiga dirisha la nyuma, kule kwenye sufuria za rangi. Bi Mashavu alifungua akamwona Mheshimiwa Daktari Kongoti, suti imejaa masizi, maana alikuwa amepanda lori la mkaa. Tumbo lilimpa taabu dirishani, lakini alijisukuma mpaka akaangukia ndani.

"Mlango uko wazi," alisema Bi Mashavu. "Kwa nini unapita dirishani kama paka?"

"Pale mlangoni yule mama amelaza ukili tena," alisema Kongoti, akihema. "Sirudii kosa."

"Ungesema hodi, angeuvuta."

"Na akisahau?"

Bi Mashavu alitazama mlango, kisha akamtazama yule mtu aliyejaa masizi. Kuna jambo aliliweka mahali kichwani mwake.

Kongoti alilala kifudifudi, kwa kuwa hata yeye alijua itifaki, akaeleza yaliyompata. Alifika wizarani, mlinzi akamwambia Waziri yuko Mtapakazo, amesikia redioni. Akasema Waziri ni yeye. Mlinzi akamwuliza, kama ni yeye, mbona yuko pale. Ofisi yake ilikuwa imefungwa. Nyumbani, watumishi walikuwa wanafunga vyombo wavipeleke Mtapakazo. Mkewe alimtazama akamwuliza hiyo suti ni ya nani.

"Kwa hiyo kiti kimeteleza," alisema Bi Mashavu.

"Mama yangu, malizia. Imebaki kidogo, naiona. Kesho kutwa ni Ijumaa. Rais akisoma orodha, nisiwepo kabisa? Hata wa kufukuzwa siwi?"

"Na nyumba?"

"Nyumba ni yenu. Nikirudi tu kwenye kiti nafuta kila kitu. Naapa. Naapa kwa mama yangu mzazi, kwa watoto wangu, kwa bendera."

Bi Mashavu alikuwa amelea wanaume watatu, na aliijua sura ya mtoto anayeapa huku sukari imemganda midomoni. Alijua kwamba mtu huyu, akifika tu kwenye gari, atakuwa amesahau. Lakini sakafu yake ilikuwa imejaa wakubwa waliolala, wanatoa harufu. Na Jumatano ilikuwa inapita bila darasa. Kukaa na uwaziri kulikuwa kunaharibu kazi.

Akachukua ukili, akasuka ile shibiri iliyobaki, akafunga ncha, akamrushia.

"Haya. Chukua kiti chako."

Kongoti aliinuka akiwa Waziri. Sauti yake ilirudi kabla ya miguu kunyooka. Wakubwa wote waliinuka pamoja naye, wakajipangusa, na Tenende akamwambia Bi Mashavu, "Wewe mama, sogea, Waziri anapita." Waziri alipita dirishani.

Gari halijafika mwisho wa mtaa, redio ikatangaza kwamba Mamlaka ya Taifa ya Kulinda Nyumba za Wasusi itahamia makao makuu yake kesho asubuhi.

Siwatu alifunga redio. "Kaapa kwa mamake," alisema.

"Nimesikia."

"Na wewe ukampa."

"Nimempa. Waite wote. Kila mtu aje na ukili aliouanza."

*

Asubuhi lilikuja lori kubwa la makabati ya chuma na meza nzito za mbao. Katibu Mkuu Lugazo alikuwepo, Mkurugenzi alikuwepo, Tenende alikuwepo na kiti chake. Nyuma ya lori walikaa wachukuzi waliokodiwa sokoni.

Nyumba ilikuwa wazi. Mlango wazi, madirisha wazi. Na katika kila mlango na kila dirisha walikaa wasusi, wanasuka taratibu, kila ukili umelala kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Karibuni," alisema Bi Mashavu kutoka ndani. "Hatuwazuii. Rukeni."

Lugazo alifika mpaka kizingitini, akatazama chini, akarudi hatua tatu. "Hodi," alisema kwa werevu.

"Karibu, karibu," alisema Siwatu. "Subiri niuvute. Nimeshikwa na kiuno leo. Labda mwezi ujao."

"Hizi ni imani za kizamani," alisema Tenende kwa ukali.

"Serikali ilitangaza redioni kwamba pima lazima ilipwe," alisema Bi Mashavu. "Ikamteua Waziri kwa ajili hiyo. Kama ni uongo, tangaza na hilo. Sema kwamba kwa siku tatu mlikuwa mmelala kifudifudi mbele ya mama wa mikeka tu."

Tenende alimtazama Lugazo. Lugazo alimtazama Mkurugenzi. Kisha wakaanza kukasimu. Lugazo alimkasimu Mkurugenzi aruke, Mkurugenzi akamkasimu Tenende, na Tenende akageuka, na safari hii nyuma yake palikuwa na watu. Wachukuzi.

"Nyie," alisema. "Ingizeni makabati."

Bi Mashavu alisogea karibu na mlango. Hilo hakuwa amelifikiria. Wakubwa wana viti. Hawa walikuwa na nini cha kupoteza?

Mchukuzi wa kwanza aliitwa Makungu, mtu mpana aliyebeba kabati zima mgongoni peke yake. Alifika kizingitini akamtazama Siwatu.

"Mama, nikiruka napoteza nini?"

"Kiti chako," alisema Siwatu, bila nguvu sana.

Makungu alicheka mpaka kabati likatikisika. "Mimi nilizaliwa nimesimama," alisema, akanyanyua mguu.

Bi Mashavu aliona mguu ukinyanyuka, na aliona kuta zake nene zikiondoka.

"Ukiruka, unakaa hapa ndani," alisema haraka. "Kivulini. Unasuka pima moja kwa mikono yako. Hutoki wala hushiki kazi nyingine mpaka imalizike. Nakufundisha mwenyewe. Chai ipo. Na huwezi kukaa na kabati mgongoni."

Makungu alibaki amesimama kwa mguu mmoja. Alitazama nyuma, kwenye lori, kwenye meza zile za mbao, kwenye jua. Alitazama ndani, kwenye giza lenye baridi.

"Ni lazima?" aliuliza.

"Ni lazima. Serikali imekwisha kusema."

Makungu aliteremsha kabati polepole kwenye mchanga, nje, akaruka ukili kama ng'ombe anayeruka mfereji. Wenzake walitazamana. Kisha wakaanza kuruka mmoja mmoja, na wawili waligombania dirisha. Mmoja aliruka, akatoka nyuma, akaja akaruka tena ili awe na deni kubwa zaidi.

"Rudini," alisema Tenende. "Nyie. Nawaamuru."

"Tunalipa deni, Mkuu," alijibu mmoja kutoka ndani.

*

Ijumaa Rais alisoma orodha, na jina la Mheshimiwa Daktari Kongoti halikuwemo. Mjini walisema ni ukili. Siwatu alisema ni ukili. Bi Mashavu alisema huo ni upuuzi, yule mtu alikuwa hafai tangu mwanzo, na kama kuna aliyehitaji majani kumweleza hilo basi ajipime na yeye. Waziri mpya, ambaye alikuwa shemeji, alitoa taarifa kwamba Mamlaka imekwisha kuhamia Mtapakazo na inafanya kazi katika mazingira mapana yenye hewa ya kutosha.

Na kweli ilikuwa ikifanya kazi. Makabati yalikuwa uani, yamepata moto kwa jua hata kuyagusa ni taabu, na Lugazo na Mkurugenzi walikuwa wamekaa nyuma ya meza mchangani, wakilinda nyumba, kofia za karatasi kichwani.

Ndani, darasa la Jumatano lilikuwa limevuka mpaka Ijumaa. Makungu alikuwa amekaa sakafuni, ulimi nje, vidole vyake vinene vikipigana na majani. Alinyoosha kitu alichokisuka ili Bi Mashavu akione. Kilikuwa kimepinda kama mkia wa nguruwe.

"Nimekosea wapi, mama?"

Bi Mashavu alikigeuza upande huu na ule. "Pote. Unavuta kama unafunga mbuzi. Fumua, anza tena."

"Kuanza tena ni kuzuri," alisema Makungu, akafumua kwa furaha.

Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika. Sauti ya Tenende ilisikika ikiita, kwanza kwa amri, baadaye bila amri, ikisema kwamba mvua inakuja na nyaraka za taifa zitalowa. Makungu aliinua kichwa akamwuliza Bi Mashavu kama amwitikie.

"Ana mikono," alisema Bi Mashavu. "Abebe."